V8 ndani ya MGB, na tamaa ya rimu za spoku

Tok! Unaachia klachi, gari linataka kuondoka, na nyuma kunagonga mara moja kama mtu aliyebisha hodi akaghairi. Ukikanyaga breki, tok tena. Rafiki yangu ana MGB GT, gari dogo la michezo la Kiingereza, iliyopandishwa V8, injini ya silinda nane, ya Range Rover, na kwa miezi aliilaumu difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Siku tulipovua gurudumu la nyuma nikapitisha kidole kwenye meno ya habu, kitovu kinachobeba rimu. Meno mazima ni bapa juu. Haya yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Kumbe tok ilitoka hapo.

Mimi ni mgonjwa wa rimu za spoku, na hakuna kinachoipendeza MGB kama hizo. Ila ukishabadilisha injini, usizirudishe kwa sababu ya sura tu.

Rimu hii haifungwi kwa nati nne. Inateleza juu ya habu yenye meno, kisha nati moja kubwa ya katikati yenye masikio inakazwa kwa nyundo ya shaba. Msukumo wa injini hupita kwenye meno hayo, na wa breki vilevile. Injini ya awali ya MGB, ya sisi (cc) 1798, ilikuwa na nguvu farasi 95. Kiwanda cha MG cha Abingdon, Uingereza, kilipotengeneza MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, nguvu farasi zilifika 137, na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ukazidi wa injini ndogo kwa zaidi ya nusu. MGB za kawaida ungeweza kuziagiza na spoku, lakini V8 hiyo ilipewa rimu za Dunlop zenye kati ya aloi na ukingo wa chuma cha kromu. Waliounda gari wenyewe walijizuia. Mimi huwasikiliza.

Unazitaka bado? Basi anza na habu mpya, upande huu na huu, halafu rimu mpya za spoku 72, si zile 60 za kawaida. Zote kwa pamoja, kwa sababu habu iliyolika hutafuna rimu mpya, na rimu kuukuu hutafuna habu mpya. Paka grisi kwenye meno, na usisahau utepe wa ndani na tyubu, maana upepo hupenya kwenye vichwa vya spoku.

Angalia pia ekseli. Ya MGB ya spoku ni fupi kuliko ya rimu za kufunga kwa nati nne. Ukivalisha habu za spoku juu ya ekseli ndefu, magurudumu yanatoka nje na tairi linakwaruza madigadi.

Jambo la kutisha kuliko yote ni pande. Nati ya kushoto hufunguka kinyume cha saa, ya kulia hufunguka kwa kufuata saa, ili mwendo wa gari uzikaze. Fundi akichanganya habu za pande mbili, mwendo uleule unazilegeza. Mimi hukagua kabla ya safari, kwa mkono wangu, hata kama fundi ni ndugu.

Gari la rafiki yangu liko juu ya stendi. Rimu mpya, kromu tupu, zilifika kabla ya habu. Amenipigia mara mbili akiomba tuzijaribu tu, hata mpaka getini. Nimemwambia kaka, subiri habu.