Cheti cha usalama wa seva kipatikane kwenye mashine, si kwenye slaidi

Nakutana na vijana wengi wenye vyeti vya usalama wa mitandao ambao hawathubutu kusasisha seva (kompyuta inayohudumia nyingine) inayofanya kazi. Siwalaumu. Wamefundishwa kwa projekta: mwalimu anasoma slaidi, wao wananakili, mtihani unauliza aina za mashambulizi. Seva yenyewe hawajawahi kuiharibu wakaitengeneza, ndiyo maana wanaiogopa.

Woga huo una gharama. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, katika SMB, huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili. Mei 12, WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ikapita kwenye tundu hilohilo kwa poti 445 (mlango wa mtandao wa huduma hiyo), ikafunga mafaili ya watu dunia nzima. Hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili! Wapo wanaosema ni uzembe tu. Mimi naamini kwingi ni swali hili: nikisasisha, mfumo ukagoma kuwaka, nitamwambia nini bosi?

Slaidi haijibu swali hilo. Linajibiwa kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), kwa laptopu ya kawaida na VirtualBox, programu ya kuiendesha ambayo hailipiwi. Weka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux), hifadhi hali yake ili uweze kuirudia, kisha vuruga. Ingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), washa ufw (faiawoli ya Ubuntu, inayochuja mawasiliano ya mtandao) bila kuruhusu poti 22 ambayo SSH huitumia, toka, halafu jaribu kurudi. Huingii. Itabidi upitie dirisha la VirtualBox lenyewe urekebishe kanuni za faiawoli. Mwanafunzi aliyefungiwa nje namna hiyo akiwa darasani, kazini ataruhusu poti kwanza.

Kisha wakae wawili wawili. Mmoja, kutoka mashine pepe nyingine, abahatishe nywila. Mwenzake afungue faili la kumbukumbu za kuingia, /var/log/auth.log, aone mistari ya "Failed password" (nywila imekosewa) ikishuka mfululizo. Hapo hahitaji kuhimizwa: mwenyewe atataka kuzima kuingia kwa root (akaunti yenye mamlaka yote), aachane na nywila, atumie funguo za SSH. Afundishwe pia jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Ukibadili mipangilio ya SSH, usifunge dirisha ulilomo mpaka umejaribu kuingia kwa dirisha la pili ukafanikiwa.

Vyuo vinalalamika kwamba havina vifaa. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inabeba seva mbili ndogo zisizo na skrini ya picha bila tabu, na faili la kusakinishia Ubuntu linagawiwa kwa flashi, hata intaneti ikikatika.

Na mtihani ubadilike. Mwanafunzi apewe seva yenye matundu na tovuti iliyo hewani, aachwe nayo saa mbili. Mwalimu akague mambo mawili: matundu yamezibwa, na tovuti bado inafunguka. Aliyeziba matundu huku tovuti imekufa arudie, hata kama nadharia alipata alama A.