Nazama kwa Bidii

Mie nimezaliwa Malindi, hii ya Unguja mjini. Kutoka kitanda alichonizalia mama mpaka bahari ilipo, kuku angekwenda na kurudi bila kupumzika. Nimekula samaki miaka 43, majahazi yamepigwa kalafati mbele ya macho yangu, na ukinitia kwenye maji ya kifua nakwenda chini kama jiwe la kusagia. Jambo kama hili halitangazwi. Mtu wa pwani asiyejua kuogelea anaishi na siri yake kama mwenye meno ya bandia: anacheka na wenziwe, lakini kwa hadhari.

Siri yangu imetoka kwa sababu ya goti. Goti la kulia, tokea mwaka jana, linalia kama bawaba ya mlango wa Mji Mkongwe. Daktari kalibonyeza, kaniuliza kazi yangu, nikamwambia karani. Kalitizama tumbo. "Acha kukimbia," kasema, utafikiri aliwahi kuniona nakimbia. "Ogelea. Maji yanakubeba, goti halipigi chini." Maji yanakubeba! Anayasema hayo yeye kakaa kwenye kiti.

Ningeyaacha yaishie hapo lau si shemegi. Dada yangu kaolewa na mtu wa Moshi. Sina neno naye, mtu mwema, anakula urojo bila kuuliza ndani mna nini. Lakini bwana huyu maji makubwa aliyoyajua utotoni ni ya mfereji wa migombani. Kuogelea kajifunza ukubwani, kwenye bwawa la kulipia, na sasa anafanya mchezo wao wa triathloni: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na hakuna anayekufukuza. Ile ya Olimpiki, iliyoingizwa Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na mbio 10. Hiyo ndiyo anayoiita "ya kawaida".

Nikamuuliza adhabu hii kaianzisha nani. Kumbe ile kubwa yao, Ironman, ilianza Hawaii, 1978, kisiwani kama kwetu, na ilianza kwa ubishi wa barazani: nani mwenye pumzi zaidi, muogeleaji, mpanda baiskeli au mkimbiaji? Sie ubishi kama huo pale Jaws Corner tungeumaliza kwa vikombe viwili vya kahawa na mtu mmoja kununa. Wao wakasema tuvifanye vyote siku moja: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, mbio 42. Wakaingia watu 15, wakamaliza 12. Kilomita 180 za baiskeli, yakhe! Kisiwa chetu ukikivutia kamba toka ncha ya Nungwi mpaka Kizimkazi hakifiki 90. Utakwenda, utarudi, na bado utadaiwa.

Sasa, shemegi baiskeli anaiweza, mbio anaziweza. Majini ndiko anakopitwa na wazee wenye mvi. Siku moja kaja kwangu jioni, kakaa, kanywa chai na boflo, kasema: "Shemeji" (wao wanasema shemeji) "wewe mtu wa pwani. Nisaidie kuogelea."

Hapo palikuwa na dada yangu, mke wangu, na mtoto wa jirani. Ungejibu nini wewe?

"Hilo dogo," nikasema.

Tukaanza Shangani, siku za bamvua, saa kumi jioni, maji yamejaa mpaka yanagonga ukuta. Shemegi kavua kanzu, ndani kavaa vazi lao la mashindano, kipande kimoja, limefunika kila kitu na halijaficha chochote. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ngarawa kageuza uso. "Mwanangu," kaniambia, "mwambie mgeni wako avae kwanza. Maji hayakimbii." Mie kaptula yangu ilikuwa ya heshima, inavuka magoti, mifuko minne.

Wiki mbili nilikuwa kocha. Siri ya ukocha ni kusimama pahala maji yanapokufika kifuani, mikono kiunoni, na kusema maneno machache. "Nyoosha mkono." "Usikimbilie." "Hapo sawa." Shemegi anakwenda, anarudi, anahema, ananishukuru. Naapa, siku ya nne nilianza kuamini mwenyewe kuwa najua.

Kisha boti ya Dar ikaingia bandarini. Boti yenyewe imeshapita, watu wanashuka na mabegi yao, na mawimbi yake yakaja huku pole pole kama mdai. La kwanza likaninyanyua. La pili likanivua nchi miguuni. Baada ya hapo nakumbuka kijani, nakumbuka shahada niliyoianza na kuishia katikati, na nakumbuka mkono wa mtu wa Moshi ukinivuta kwa mfuko wa kaptula.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kanikalisha mchangani, kasubiri nimalize kukohoa, kisha kasema kwa adabu kubwa: "Shemeji, kesho tubadilishane."

Na kweli mwalimu ni yeye. Somo la kwanza lilinitukana moja kwa moja. Anasema mtu mzima anayejifunza kosa lake kubwa ni juhudi. Akili inataka kichwa kiwe juu, maana pua iko huko; lakini mwili majini ni mizani ya sokoni Darajani, ukipandisha upande huu ule unashuka. Nyanyua kichwa, miguu inazama. Miguu ikizama unavuta maji kama nanga, unachoka, unanyanyua kichwa zaidi. Na maji, anasema, ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Nikamuuliza na mifuko minne je? Kaitizama kaptula, kanyamaza.

Somo la pili ni pumzi. Mie nilikuwa naingia majini kifua kimejaa kama puto, mashavu yamevimba, nashikilia. Kumbe kinachokubana kwanza si ukosefu wa hewa mpya, ni ile hewa chafu uliyoikalia kifuani hutaki kuitoa. Toa pumzi ndani ya maji, kidogo kidogo, kama unapuliza mkaa. Ukigeuza uso kazi iliyobaki ni kuvuta tu. Maneno mepesi hayo. Siku ya kwanza nilipuliza nje na kuvuta ndani, sawasawa kabisa, ila kwa zamu zilizopishana. Bahari ya Shangani ilipungua kidogo jioni ile.

La tatu ni kujigeuza. Usiogelee bapa kama mlango. Mkono ukiingia mbele, bega na nyonga vifuate, mwili uzunguke upande huu, kisha upande ule, na mdomo utaikuta hewa bila kichwa kunyanyuka. Hili nililielewa mara moja, kwani ndivyo mshkaki unavyogeuzwa pale Forodhani, haunyanyuliwi, unazungushwa. Tabu ni kwamba kila nikijigeuza nawaza mshkaki, na mtu mwenye njaa haogelei vizuri.

Lakini nae ana yake, sitamsifu moja kwa moja. Vifundo vyake vya miguu vimekakamaa kwa mbio na baiskeli, nyayo hazilali, zinasimama majini kama breki. Kaambiwa ajizoeze kupiga miguu peke yake, kakishika kibao mbele, anachapa maji, povu mpaka Mizingani. Nikaweka alama kwenye nguzo. Dakika mbili baadae alikuwa nyuma ya alama. Wallahi alikuwa anarudi nyuma! Nikasema "Hapo sawa," kwa mazoea.

Kinachonichosha hasa ni kwamba mjini huwezi kujifunza kitu kwa siri. Wale vijana wa Forodhani wanaoruka kutoka ukutani, wanapinduka mara mbili hewani na kuingia majini bila kurusha tone, walituona siku mie nimevaa kofia ya mpira na miwani ya kuogelea. Kofia ile inavuta nyusi mpaka unaonekana mtu aliyepewa habari mbaya. "Ami!" mmoja kaniita toka juu, umri wake haufiki miaka kumi. "Ami, unakwenda kuchomelea?" Wenziwe wakaanguka baharini kwa kicheko, na hata kwa kuanguka kule waliogelea vizuri kuliko mie. Hawana ratiba, hawana kibao, hawajui habari ya mara 800. Mmoja kajitolea kunifundisha kwa shilingi elfu mbili. Nikakataa kwa hasira, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya la maana.

Barazani nako kila mtu mwalimu. Ami yangu kavua dema na mishipi miaka 40, kafika Pemba kwa tanga usiku wa giza, naye hajui kuogelea hata hatua tatu. Nikadhani ataniunga mkono. "Wewe una wazimu," kasema. "Anayeogelea ni chombo. Mie kazi yangu kukaa juu."

Mama hajaambiwa. Tokea Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata Skagit nayo ikenda karibu na Chumbe, hataki kusikia mtoto wake kaingia majini, na katika hilo simfanyii mzaha. Mie nilidhani misiba ile ingetufanya sote tujifunze. Tulizika, tukarudi barazani. Basi nikirudi nimeroa namwambia mvua. Januari, jua la kupasua nazi, namwambia mvua. Ananitizama tu, ananipa kanga nijifute.

Kisha ratiba. Shemegi kaitoa kwenye simu: Jumanne saa kumi jioni mita 800, Alhamisi saa kumi jioni mita 1,000. Ratiba ya watu wenye mabwawa. Bahari yetu haina saa za ofisi. Leo bamvua maji yamejaa saa kumi, kesho yamesogea dakika 50 hivi, ikipita wiki ile saa kumi yako yamekwenda zao. Nikamwambia mtizame mwezi, uachane na simu. Hilo peke yake ndilo nililomfundisha mtu huyu, na nililisema kwa sauti kubwa.

Siku moja, maji yamekupwa, tukaenda kwenye bwawa la hoteli. Kiingilio bei ya kilo tano za mchele. Bwawa lenyewe umbo la korosho: ukiogelea moja kwa moja unaishia kwenye miguu ya mtu anayekunywa juisi. Nilipotoka kupumzika, Mzungu mmoja kaniomba taulo. Nikampa langu, ningemwelezaje? Hatukurudi tena.

Sasa niseme ya Paje. Nilikuwa nimeshafika mita 50 bila kusimama, miezi mitatu ya kazi hiyo, na ya 51 nilikuwa siitafuti. Shemegi kasema Jumapili twende mashariki, ndani ya mwamba maji yametulia, unaweza kwenda mbali na miguu inafika chini. Kabla hatujaingia kaongeza somo: baharini hakuna mstari wa kufuata, kwa hiyo kila baada ya mikono kadhaa unyanyue macho tu, kama mamba, uone unakokwenda. Nikaitikia. Kisha nikaingia majini, na mie nikishika jambo nalishika: kichwa chini, tizama chini, toa pumzi, geuka mshkaki. Ya mamba yalinitoka.

Nakwambia siku ile niliogelea. Maji yalikuwa yanarudi, yamefika kiunoni, meupe kama tui. Mita 50 zikapita, zikapita nyengine, goti kimya, pumzi zinakwenda kama cherehani. Nikaona chini majani yananipita, mazuri, yamepangwa safu safu. Nikajisemea bustani ya Mungu hii. Kisha mkono wa kulia ukaenda mbele na haukurudi. Wa kushoto nao. Mguu nao. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, maana nilisahau pia lile somo la juhudi, na kitu kikakatika.

Nikasimama. Nilikuwa katikati ya shamba la mwani, nimezongwa kamba kama mzigo wa daladala, na mbele yangu kasimama bibi mmoja, buibui kalifunga kiunoni, taitai mdomoni, vile vijikamba vya kufungia mwani, kamba nyengine mkononi. Kazitoa taitai mdomoni, moja moja, bila haraka.

"Baba," kasema, "unatafuta nini?"

"Naogelea, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mie nimo mwanini tokea kilimo hichi kinaanza hapa, 1989. Nimeona upepo umebeba shamba zima. Nimeona mwani unaugua. Nimeona kasa kanasa. Mtu mzima na miwani sijaona." Kahesabu. "Kamba mbili umenikatia. Vijiti vitatu umeng'oa. Elfu kumi, na taitai nakusamehe."

Shemegi kafika akihema. Kwanza kaangalia saa yake, kasema: "Shemeji! Mita 180!" Bibi yule kamtizama vazi lake toka bega mpaka paja, kisha kamalizia: "Elfu kumi na tano."

Nikalipa. Lakini nikasema, kama nimelipa basi mwani wangu nachukua. Nikaubeba kwenye ndoo ya kuazima, nikapanda nao daladala mpaka mjini, unachuruzika, konda ananiangalia mie na ndoo, anatuangalia kwa zamu, mwisho katutoza watu wawili.

Mke wangu miezi mitatu alikuwa na neno moja tu: wenzio wakienda pwani wanarudi na changu na tasi, wewe unarudi na mchanga. Nikamwekea ndoo mlangoni. Kaifunua. Kaninusa. Hakuuliza kitu, kaenda kuuanika kwenye kamba ya nguo uani, safu safu kama alivyokuwa kaupanga bibi wa Paje, na katikati kaitundika ile kaptula ya mifuko minne. Jirani kashachungulia mara mbili, anataka kujua kilo tunauza ngapi.