Saa Moja Asubuhi, Bado Giza

Mwanangu ana miaka mitano, kazaliwa hapa Oslo. Asubuhi moja ya Desemba namvalisha, buti limeingia mguu mmoja, akaniuliza: "Baba, mbona unasema saa moja asubuhi na nje ni usiku?"

Nikamjibu, "Vaa upesi, tumechelewa." Jibu hilo limenikaa rohoni.

Maana swali lile lilikuwa zito. Saa zetu Waswahili tunazihesabu tangu jua linapochomoza, na kwetu Tanga hesabu hiyo haitupi taabu: mwaka mzima, mchana mrefu na mchana mfupi havipishani hata saa moja. Huku, mwezi huo, jua linatoka saa tatu na robo hivi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Miaka kumi na moja nataja saa moja gizani bila kujiuliza. Mtoto ndiye aliyeliona.

Wenzangu wa ughaibuni husema nchi za watu ndizo zinazotukausha, tukaacha kushangaa na kuuliza. Mimi sikubali. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama kituoni nimekinga kiganja, natazama theluji inavyoyeyuka, mpaka basi likaondoka. Nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu.

Tena mwaka juzi nilikuwa Tanga, mvua za kwanza zikanyesha, kumbikumbi wakatoka. Utotoni tulikuwa tunatega beseni la maji chini ya karabai. Wakidondoka tunawaokota, mbawa zinabaki zinaelea. Tulimuuliza bibi kwa nini wanavua mbawa. Naye hakujua, ila aliinama pamoja nasi juu ya beseni: "Hebu tuwatazame." Safari hii nilizima taa wasiingie ndani, nikarudi kwenye simu yangu. Nje watoto wa jirani wanapiga kelele za furaha. Hapo Ulaya imeingiaje?

Naona tulichokipoteza ni ile kuinama na mwingine. Bibi alikuwa na kazi nyingi kuliko zangu, na bado aliinama.

Jumamosi iliyofuata tuliamka mapema, giza vilevile. Nikachukua chungwa na tochi, nikaliinamisha kidogo, nikalizungusha taratibu. Akanikatiza: "Kwa hiyo Tanga sasa hivi kuna jua?"

Tukampigia shangazi yake. Kwao ilikuwa saa tatu. Akageuza simu uani, kanga mbili kambani, mwanga mpaka skrini ikawa nyeupe.

"Limewaka, mwanangu," akasema. "Nguo zimeshakauka."