Mtoto akilia, mwacheni alie

Watoto wetu wana kazi. Akilia, "nyamaza kabla sijakupa sababu ya kulia." Akinyamaza, "nakuuliza wewe, huna mdomo?" Akijibu, ana kiburi. Akinuna, "unamnunia nani humu ndani?" Sasa hasira yake tunataka aipeleke wapi?

Sikukuu moja, nyumbani Morogoro, kaka yangu alimchinjia mgeni jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa wa mwanawe wa miaka sita, aliyemlisha pumba tangu kifaranga na jina akampa. Mtoto alipoyaona manyoya kwenye beseni aliangua kilio mpaka sebuleni wakasikia. Baba yake akaja juu: "Mwanaume mzima unalilia kuku? Nyamaza, wageni wanakucheka!" Mtoto akakaza midomo, lakini kwikwi zikagoma kukaa ndani.

Mama yetu, bibi yake mtoto, ndiye aliyemchukua, akamkalisha naye kwenye mkeka kule jikoni. "Ulimpenda jogoo wako, mume wangu. Na hakuna aliyekuambia. Lazima iume." Basi. Hakumwahidi jogoo mwingine, hakumpa pipi, wala hakumsema baba yake mbele yake. Mtoto alilia mpaka akamaliza mwenyewe, kisha akauliza kama yale maharage ya jana bado yapo. Akala wali na maharage. Mgeni naye akala kuku wake.

Hapo kwa mgeni na kuku wake ndipo wengi wanapopotea. Ukiwaambia wamsikilize mtoto wanasema ni malezi ya kizungu, mtoto atawapanda kichwani. Mbona jogoo aliliwa? Mama hakubadilisha uamuzi wa mtu, na semina ya malezi hajawahi kukaa hata moja. Alichokataa ni mtoto kuadhibiwa kwa kuumia.

Mtoto wa umri ule hajui kinachompanda kifuani ni kitu gani. Sehemu ya ubongo inayotusaidia kujizuia huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, sasa yeye wa miaka sita tunamdai nini? Mkubwa akimtajia kwamba hii ni huzuni, ule ni wivu, ile ni aibu, siku nyingine atasema badala ya kumng'ata mdogo wake. Akinyamazishwa kwa vitisho anajifunza kuficha tu. Akifika miaka 15 tunalalamika kwamba hatuambii kitu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hiyo inatajwa sana. Haitajwi sana ile robo moja hivi waliosema mtu mzima aliwahi kuwatukana, kuwafanya wajione hawatakiwi au kuwatishia kuwatelekeza. Fimbo angalau tumeanza kuijadili. Maneno bado tunayaita utani, na wavulana ndio wanaambiwa wayameze wakiwa bado wadogo kabisa.

Kaka yangu hajakubali. Anasema mama anamlegeza mtoto, mwanaume hafundishwi kulialia. Sawa. Ila Yanga ikifungwa na Simba, mwanaume huyohuyo hali chakula cha usiku, simu hapokei, na shemeji yangu anatutumia ujumbe kwamba leo msije.