Nani aliandika? Majina yaliyokatwa kwenye katuni za zamani za Marekani

Katuni za zamani zinapotengenezwa upya leo, je, tuwarudishie waandishi majina yaliyokatwa, au hata kuongeza yale ambayo hayakuwahi kuandikwa? A Wild Hare ni katuni ya mwaka 1940 iliyompa sungura Bugs Bunny tabia anayojulikana nayo hadi leo. Mwaka 1944 studio ya Warner Bros. iliitoa upya katika mfululizo wa marudio ulioitwa Blue Ribbon, na hapo ndipo jina la mwandishi wake, Rich Hogan, lilipopotea. Sehemu ya majina ilikatwa kwenye negativu, yaani ukanda mama unaochapiwa kopi, ikaungwa kadi mpya (picha ya maandishi ya mwanzoni) yenye jina la katuni peke yake. Ukanda wa milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, hivyo sekunde 20 za majina ni futi 30 tu. Lakini kopi zilizochapwa baadaye kutoka negativu hiyo zote zilirithi pengo.

Katuni nyingi za studio hiyo zilipitia mkasi huohuo. Kwa hizi sioni sababu ya kusitasita: majina yalikuwepo, na studio yenyewe ndiyo iliyoyaweka. Yarudishwe.

Kwa Disney ugumu unaanzia mbali zaidi, kwa sababu katuni fupi za miaka ya 1930 kwa kawaida zilibeba jina la Walt Disney tu. Mchoraji Carl Barks alibuni kichekesho cha Modern Inventions (1937), ambamo kiti cha kinyozi kinachojiendesha kinampindua Donald Duck na kuyahudumia makalio yake kikidhani ni kichwa. Alilipwa dola 50, akahamishiwa idara ya hadithi, akabaki huko hadi 1942 bila watazamaji kumjua. Wafanyakazi walipogoma Mei 1941, suala la majina kwenye filamu lilikuwa miongoni mwa madai yao. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa zama zile hawakujali kutajwa.

Hata hivyo, wanaopinga kuongeza majina wana hoja nzito. Kule Warner, hadithi ikishachukua sura, waongozaji na waandishi wa vikosi vyote vya kutengeneza katuni walikaa pamoja kama saa mbili kuirushia mawazo, na ilikuwa mwiko kusema “hapana”. Kichekesho bora katika katuni yenye jina la mwandishi Michael Maltese huenda kilitoka kwa mwenzake Warren Foster. Tena kwa miaka kadhaa studio ilitaja mwandishi mmoja tu kwa kila katuni, kwa zamu. Katika studio ya MGM, Heck Allen alitajwa kama mwandishi wa mwongozaji Tex Avery, ilhali mwenyewe alikiri kwamba hadithi zilikuwa za Avery. Katuni za Tom and Jerry za studio hiyohiyo nazo hazikutaja mwandishi, ingawa mwongozaji wake mmoja, Joseph Barbera, ndiye aliyekuwa akichora hadithi.

Ndiyo maana kukisia mwandishi kwa kutazama mtindo wa katuni hakufai: vichekesho vilihama kutoka kikosi hadi kikosi. Ushahidi wa kutegemea ni kopi iliyochapwa kabla ya marudio, michoro ya hadithi iliyosainiwa, au kumbukumbu za hakimiliki. Mwenye kimojawapo aandike jina pamoja na chanzo chake. Asiye nacho aandike “idara ya hadithi” na kuwataja waliokuwa kazini mwaka huo.

Kosa baya zaidi ni kutengeneza kadi mpya kwa herufi za kuiga zile za zamani na kuiunga kwenye filamu. Mtazamaji ataiona kuwa ya asili, na baada ya kopi mbili tatu haitatofautishwa tena. Kadi ya aina hiyo ikae kando ya filamu, ikiwa na mwaka ilipotengenezwa.