DNA haikai kwa mstari

Tangu Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulipokamilika mwaka 2003, tumezoea kuambiwa kwamba DNA ni herufi bilioni 3 zilizopangwa moja baada ya nyingine. Sawa. Lakini ndani ya seli hakuna mstari. Kuna uzi wenye urefu wa takriban mita 2 uliobanwa kwenye kiini ambacho mara nyingi kipenyo chake hakifiki hata mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Mimi nashikilia kwamba namna uzi huo unavyokunjwa nayo ni habari, na tunakosea tukiichukulia kama suala la kubana nafasi tu.

Chukua jeni ya SHH, inayoshiriki kupanga vidole mtoto akiwa bado tumboni. Kipande cha DNA kinachoiwasha kwenye mikono na miguu, kiitwacho ZRS, kiko umbali wa karibu herufi milioni 1, tena katikati ya jeni nyingine kabisa. Ukivisoma kwa mstari utadhani havihusiani. Uzi ukikunjika, vinakaribiana. Herufi moja tu ikibadilika ndani ya ZRS, mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada, ilhali SHH yenyewe ni nzima. Anayeipima jeni hiyo peke yake ataona kila kitu kiko shwari!

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mikunjo hiyo inavyogunduliwa. Mwaka 2002 mwanasayansi Job Dekker na wenzake walieleza mbinu yao: seli hutiwa kemikali ya formaldehaidi ili sehemu zilizokaribiana zigandane hapo hapo. Kisha DNA hukatwa kwa kimeng'enya, na ncha zilizo jirani huunganishwa. Sehemu mbili za mbali zikikutwa zimeungana, ni dalili kwamba zilikuwa karibu ndani ya kiini. Mwaka 2009 ikaja mbinu ya Hi-C, iliyofanya hivyo kwa jenomu nzima, yaani DNA yote ya seli. Ramani zake nyingi ni wastani wa mamilioni ya seli, na hilo lazima tulikumbuke, maana kila seli hujikunja kivyake na mikunjo haitulii.

Ndiyo maana sikubali jalada la mgonjwa lifungwe kwa sababu tu jeni inayoshukiwa imeonekana haina kasoro. Vipande vinavyoiwasha navyo vichunguzwe, hata vikiwa mbali kiasi gani.