Majivu yanatudanganya

Septemba ikifika na jua likishika, huku Usambara harufu ya moshi hukufikia kabla hujauona. Mtu anaandaa shamba pembezoni mwa msitu, moto unamponyoka, na kwa siku mbili tatu unatambaa polepole chini ya miti, miali haizidi goti. Watu wanautazama: "Ah, umeunguza majani tu."

Hilo "tu" ndilo linaloniudhi.

Udongo wa msitu wa mvua mara nyingi ni mkongwe, una tindikali, na mvua imeuosha miaka na miaka. Ukiona mkulo, mti mkubwa wa msitu wetu, ulivyonenepa utadhani chini kuna rutuba ya ajabu. Sehemu kubwa ya akiba iko kwenye miti yenyewe na kwenye majani inayoyaangusha. Jongoo, mchwa na kuvu huyasaga, na mizizi midogo iliyosokotana juujuu hudaka chakula kabla mvua haijakiteremsha. Fukua kwa kidole, utaikuta imepenya hadi ndani ya majani yaliyooza nusu.

Sasa choma hapo. Naitrojeni huanza kutorokea hewani joto likifika kama nyuzi 200, kiwango ambacho moto wa majani makavu unakipita bila kuhema. Fosforasi huhitaji zaidi ya 700, kwa hiyo nyingi hubaki kwenye majivu pamoja na potasiamu na kalsiamu, na majivu hayo hupunguza tindikali. Ndiyo maana mahindi ya mwaka wa kwanza hustawi hadi jirani anauliza umeweka mbolea gani. Bibi yangu aliyaapia majivu, na kwa msimu mmoja hakukosea. Ila kwenye mteremko usio na majani ya kupokea matone, mvua za vuli huyabeba majivu hadi mtoni. Msimu wa tatu mahindi ni ya njano. Tumekula mtaji tukidhani ni faida.

Na msituni kwenyewe? Miti yenye gome jembamba, isiyozoea moto, haifi siku hiyo. Hufa taratibu, majani yanapukutika, jua linaingia, chini kunakauka. Moto wa pili unakuta kuni zimeshapangwa.

Najua ndugu zangu wa Tabora watanipinga. Miombo, misitu mikavu ya kule, ni habari nyingine: miti yake imezoea moto, na kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huuepusha msitu na moto mkali wa Oktoba. Kule Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 yalionyesha wazi: vipande vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka viligeuka nyasi. Sibishi. Kosa ni kuchukua ushauri wa Tabora na kuupandisha mlimani kwetu.

Mwaka huu nilimwomba mjomba alaze mabua yakingame mteremko badala ya kuyachoma. Amekubali kwa nusu shamba. Nusu nyingine alikuwa ameshaichoma.